Kosa la Kapteni

Vita vya Rais Dondoro vilipoingia mwaka wa tano, nchi ikiwa imejaa wajane, alitangaza redioni kwamba adui amekwisha, hajabaki hata mmoja. Atakayebisha atanyongwa. Wiki hiyohiyo kapteni alipita na lori mitaani, akamchukua mtoto pekee aliyebaki kwa Siwema, muuza vitumbua.

Siwema akajifunga kanga, akaenda ikulu.

"Mtukufu, nimekuja kumshtaki kapteni wako. Anakupinga."

Rais akafura kwa hasira. "Aletwe hapa! Amesema nini?"

"Kwanza nieleweshe, baba. Ni kweli adui amekwisha?"

"Kabisa! Mawaziri wangu ni mashahidi."

Mawaziri wakapiga makofi. Kapteni akaingizwa.

"Basi huyu amejaza vijana kwenye lori, anasema wanakwenda kupigana. Nami nikajiuliza, wapigane na nani?"

Makofi yakakatika. Kapteni alilowa jasho. Rais aliwatazama mawaziri, nao wakatazama viatu vyao.

"Ni... ni kosa la kapteni," Rais akasema.

"Usimnyonge, baba. Si mtu mbaya, alimngoja mwanangu amalize uji. Mwambie tu awarudishe wote makwao."

Kapteni akawarudisha, na kwenye kila mlango alikaribishwa chai.