Pembe Nne za Kinuka

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu na moto. Kuimba sijui, Mungu hakunijalia sauti, basi nikifika penye wimbo mniitikie msinicheke.

Kale, kale ya mababu wa babu zetu, palikuwa na msitu mnene, na ndani ya msitu chemchemi moja tu. Kando ya chemchemi kiliota kichaka kifupi, cha kike. Majani yake yalikwaruza kama ulimi wa paka, na ukiyafikicha yalinuka mpaka uzibe pua. Ndiyo maana wenzake walimwita Kinuka. Maua yake yalikuwa madogo madogo, yamebanana kama watoto kwenye mkeka mmoja, na vipepeo waliyapenda kuliko maua yote. Lakini msituni nani anamuuliza kipepeo?

Basi mwaka huo mvua iligoma. Chemchemi ikapungua, ikapungua, ikapungua, ikabaki dimbwi. Tembo, bwana wa msitu, akainua pembe zake mbili nyeupe, akasema, "Kuanzia leo, mwenye pembe anywe. Asiye na pembe asinywe!"

"Na mimea, Bwana Mkubwa?" akauliza Nyani, aliyekuwa mpiga mbiu wake. "Mizizi nayo inakunywa."

"Mimea vilevile. Isiyo na pembe nitaing'oa."

Miti mikubwa hakuitaja, maana hakuiweza.

Nyani akachukua baragumu lake, akazunguka msitu mzima akiimba. Haya, itikieni!

*Mwenye pembe anywe!*
*Asiye na pembe asinywe!*

Akafika kwa Kinuka. "Wewe mnuko, una pembe?"

"Ninazo," akasema Kinuka. "Na sitoki."

Nyani akacheka, akaenda zake. Akarudi. "Wewe mnuko, nimeuliza, una pembe?"

"Ninazo. Na sitoki."

Akarudi tena, safari hii hacheki. "Dada, fungasha. Bwana Mkubwa yuko njiani, na amekasirika."

"Nifungashe nini, mizizi? Mungu aliniotesha hapa. Tembo hakuwepo. Ninazo, na sitoki."

Chini yake aliota Ndago, mmea mwembamba kama uzi, naye akauliza, "Dada Kinuka, mimi nitafanyaje?"

"Tulia hapo hapo. Nishike mzizi."

Mara ardhi ikatikisika. Tembo akaja, na nyuma yake wanyama wote, waliokunywa na wenye kiu. Karibu na hapo alisimama Mfuu, mti mkubwa, matunda yake meusi yanajaza matawi. Huyo Mfuu ni mjomba wake Kinuka, ndugu wa mama yake. Lakini alipomwona Tembo alitazama juu kama anahesabu mawingu, na mawingu hayakuwepo.

"Nani anasema ana pembe?" akanguruma Tembo.

"Mimi."

"Ziko wapi?"

"Nishike shina. Taratibu, hatujazoeana."

Wanyama wakaguna. Tembo akapeleka ncha ya mkonga, akalishika shina la Kinuka, akalizungusha. Akasita. Akazungusha tena.

"Shina gani hili? Si la duara."

"Hesabu pembe zake, Bwana Mkubwa."

Tembo akahesabu kwa mkonga. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Nne!" akapiga kelele Nyani. "Ana pembe nne! Bwana Mkubwa, wewe unazo mbili!"

Wanyama wakaangua kicheko. Tembo akapepea masikio kwa hasira. "Huyu ni kilema tu! Ukoo wake nani? Wewe Mfuu, unamjua huyu?"

Mfuu akakohoa. "Simjui."

"Mjomba!" akasema Kinuka.

"Simjui," akarudia Mfuu, kwa sauti ndogo.

Tembo akalishika shina la Mfuu. Duara, nene kama nguzo. "Mnaona? Hana mtu!" Akauzungusha mkonga kwenye kichaka cha Kinuka, tayari kuvuta.

Hapo Kinuka hakulia. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya dimbwi, "Usimshike uzeeni, mshike utotoni! Shika kitawi chake kichanga, kile cha kijani. Tazama majani yake yanavyoota mawili mawili, yanatazamana, kama yangu. Mjomba amenenepa, akasahau alivyozaliwa!"

Tembo akamwachia, akavunja kitawi cha Mfuu. Pembe nne.

Majani ya Mfuu yakainama. "Mpwa wangu," akasema, "niliogopa. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe. Huyu ni damu yangu."

Tembo akaona amebanwa. "Basi kunyweni, wewe na mjomba wako. Lakini hiki kiuzi kilicho chini yako nakitoa."

"Umemshika?" akauliza Kinuka.

Tembo akamshika Ndago. Moja. Mbili. Tatu.

"Tatu," akanong'ona Nyani. "Bado anakushinda."

"Nyamaza! Wewe unayo hata moja?"

"Ninayo hii," akasema Nyani, akiinua baragumu, "lakini ilikuwa ya marehemu Nyati."

"Kaka Nyani," akasema Kinuka, "na wewe umekunywa lini?"

Nyani akatazama chini. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Tembo, sikukuonyesha pembe zangu ili wasio na pembe wafe. Ukimng'oa mmoja, umening'oa na mimi."

"Na mimi," akasema Mfuu. "Jaribu. Na matunda yangu unayokula kila mwaka hutayaona tena."

Tembo akamtazama Mfuu, mnene, mrefu. Akatazama wanyama. Hakuna aliyecheka tena, na hakuna aliyerudi nyuma. Nyani akapita mbele yake, akapiga magoti dimbwini, akanywa. Kisha akapuliza baragumu. Itikieni!

*Mwenye kiu anywe!*
*Mwenye kiu anywe!*

Tembo akasubiri zamu yake, nyuma ya panya.

Hadithi yangu imechoka kutembea, imekaa hapa.

Ninyi wenye majembe, kesho mkienda kufyeka ukingo wa msitu, nawaomba kitu kimoja: kabla hamjakikata kichaka, shikeni kwanza shina lake kwa vidole viwili, mlizungushe.