Jina la Mtoto wa Harlan

Hapo zamani za vita vile vikubwa, wakati vijana wetu walipovalishwa kaptula za kaki na kuvushwa bahari hadi misitu ya Burma, palikuwa na rubani Mmarekani aliyeitwa Harlan. Kijana mrefu, mcheshi, nyumbani kamwacha mkewe Loretta na mimba changa. Nisikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza.

Asubuhi moja Harlan alipaa na mwenzake Dewey. Walikuwa marafiki tangu walipojifunza urubani. Mmoja akishambulia, mwingine humlinda mgongo. Juu ya msitu wakakutana na ndege za Wajapani. Basi hapo mbingu ikachafuka! Ndege zikapanda, zikashuka, zikazungukana kama mwewe wanaogombea kifaranga, risasi zikimiminika. Hodari kuwapita wote alikuwa Mjapani mmoja, Shigeru. Alijificha kwenye mwanga wa jua, akamshukia Harlan kwa nyuma, akaipiga injini yake. Ndege ikawaka moto.

Harlan akaruka. Mwavuli ukafunguka. Akabaki ananing'inia hewani, hana silaha, hana pa kukimbilia. Mara akamwona Shigeru anageuza ndege na kumjia.

Akamwona kabisa, uso kwa uso, kupitia kioo. Harlan akafumba macho, akalitaja jina la mkewe, akasubiri. Risasi haikuja. Alipofumbua macho, Shigeru alikuwa anampita kando, mkono ameuinua kama anayeaga jirani.

Lakini nyuma yake alikuwapo Mjapani wa pili, na huyo alikuja akifyatua. Dewey alikuwa amebakiwa na mafuta ya kumfikisha kambini tu. Redioni wakamwita: "Rudi! Rudi sasa hivi!" Hakurudi. Akajitupa katikati, akapambana na yule wa pili mpaka akamfukuza. Kisha mafuta yakamwishia, ndege ikaanguka naye kwenye majaruba ya mpunga. Wenzake wakamtoa akiwa hai, ila mkono wa kulia ulikuwa umepondeka. Ukakatwa.

Harlan naye alitua juu ya mti mrefu, kamba zimemnasa, mguu umevunjika, moshi umemjaa kifuani. Wajapani walikuwa wanamtafuta, sauti zao anazisikia. Ng'ambo ya pili ya kichaka walikuwa wanapita askari wetu wa doria, na miongoni mwao koplo Kilonzo, Mkamba wa Kitui. Afande akautazama mwavuli ule, akanong'ona, "Tunaondoka. Mzungu yule keshakufa."

"Afande," Kilonzo akasema, "wafu hawakohoi."

"Nimesema tunaondoka!"

Kilonzo akachepuka bila ruhusa. Akapanda mti, akakata kamba, akambeba Harlan mgongoni, akavuka naye mto na matope hadi kwa wenzao. Huko akavuliwa ukoplo kwa kuvunja amri, na malaria ikamlaza.

Sasa tazameni mambo ya Mungu. Hospitali ya jeshi ilikuwa moja. Harlan akalazwa humo, Dewey humo, na Kilonzo, kila homa ikimrudia, humo humo. Miezi ikapita, mguu wa Harlan ukikataa kuunga. Siku moja akaletwa mateka Mjapani aliyejeruhiwa, askari anamlinda. Harlan akamtazama, akamtazama tena.

"Wewe," akasema, "si ndiye uliyenipungia mkono?"

Mateka alikijua Kiingereza, alikisoma shuleni. Akainamisha kichwa. "Ni mimi, Shigeru. Wakubwa wangu walipata habari. Wakaninyang'anya ndege, wakanitupa kwa askari wa miguu."

Hata hawajamaliza kushangaa, muuguzi akaingia mbio na telegramu. Akaisoma kwa sauti: "Mtoto wa kiume. Mzima. Mpe jina la aliyekurudisha kwangu. Loretta."

Wodi nzima ikashangilia, hata yule askari mlinzi akapiga makofi. Muuguzi akauliza, "Niandike jina gani? Karani anangoja jibu."

"Hilo nalo ni la kuuliza?" Dewey akacheka. "Bila mimi ungetobolewa kama chujio palepale angani. Niliambiwa nirudi, sikurudi, na mkono wangu niliuacha kule. Mtoto ni Dewey."

Kilonzo akajiinua kitandani. "Bwana Dewey, juu ulimwokoa, sawa. Na chini je? Alibaki kule mtini kama papai, adui wanakuja kumchuma. Tena wewe ni rafiki yake. Kwangu mimi hakuwa rafiki, hakuwa ndugu, hakuwa hata wa jeshi letu, na cheo changu kimekwenda kwa ajili yake. Aitwe Kilonzo, na siku akija Kitui atakuta ana kwao."

Harlan akamgeukia Shigeru. Akamwambia, "Nawe sema."

"Niseme nini? Mimi ndiye niliyekuchoma."

"Mmesikia!" Dewey akadakia. "Moto kauwasha mwenyewe!"

"Ni kweli," Shigeru akasema polepole. "Kukuangusha nilitumwa. Kukuacha hai sikutumwa na mtu. Hawa walimwokoa mtu wa upande wao. Mimi nilimwacha adui aliyeweza kupona, akarudi kutuua. Jina silidai. Mwanao akikua, mwambie tu."

Kilonzo akakuna kichwa. "Loo! Huyu angefyatua, mimi ningepanda mti kushusha maiti."

Dewey akainuka. Kwa mkono wake uliobaki akachukua kikombe chake cha chai, akamsogezea Mjapani.

Harlan akawatazama wote watatu, machozi yanamtoka na huku anacheka. Muuguzi kashika kalamu, karani anangoja, na huko ng'ambo Loretta anamlea mtoto asiye na jina.

Haya, mnaonisikiliza, semeni nanyi. Mtoto ni mmoja na jina ni moja. Je, muuguzi aandike nani: Dewey aliyekataa kurudi, Kilonzo aliyepanda mti, au Shigeru ambaye hakufyatua?