Kamba ya Nyati na Azalea ya Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyua za kufagia na majirani wa kusengenya, Bi Pimbi aliishi mlimani kwenye baridi na ukungu. Mali yake ilikuwa kichaka kimoja cha azalea alichoachiwa na marehemu mama yake. Kila masika kilijaa maua mekundu, naye aliona kama mama amerudi kumjulia hali.

Alikitunza kwa adabu. Jembe hakulisogeza karibu, maana mizizi ya azalea hulala juujuu. Shina alilifunika kwa majani makavu, na jivu la jikoni alilimwaga mbali.

Siku moja, pu, pu, pu, akaja Bwana Nyati. Aliyatazama maua asubuhi nzima, kisha akatangaza kwamba kichaka kile kitahamia kwake.

Bi Pimbi aliumia sana, lakini mwenye nguvu mpishe.

"Chukua, Bwana Mkubwa," akasema kwa upole. "Ila ukiking'oa sasa, maua yatapukutika njiani. Ngoja yaanguke yenyewe."

Nyati akaona hayo ni maneno ya busara. Ili asidanganywe, akafunga kamba nyekundu shinani, mafundo matatu, akaenda zake kwa maringo.

Maua yalipokwisha, Bi Pimbi akaifungua kamba kwa meno, kra, kra, kra, akaifunga kwenye mtunguja uliokuwa jirani, na miiba yake yote.

Nyati akaja na jembe. Akaitazama kamba, akahesabu mafundo, akachimba. Miiba ilimchoma, akajifariji kwamba kizuri hakikosi udhia. Nyumbani akaupalilia mti wake na kuumwagia jivu la jiko zima. Mtunguja haujali hayo, ukanawiri. Akawaalika ndugu zake wote waje masika kutazama maua.

Wakaja, wakakuta tunguja za manjano. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Nyati akapanda mlima, kamba mkononi, akihema kwa hasira. Azalea ilikuwa pale pale, nyekundu tele.

"Umenidanganya."

"Nimekudanganya," akajibu Bi Pimbi. "Kichaka hiki ndicho kilichobaki cha mama yangu. Lakini wewe nawe, Bwana, ulisimama hapa asubuhi nzima. Ungelitazama jani lake mara moja tu, kamba isingekupoteza."

Nyati akasogea kichakani. Akapiga magoti, akalitazama jani kwa mara ya kwanza, dogo, lenye vinyweleo laini. Kisha akauliza kwa sauti ya chini mmea huu hupenda nini.

Bi Pimbi akamwonea huruma. Tawi moja lilikuwa limelala chini na kuota mizizi, akalikata akampa.

"Majani makavu shinani, na jivu mwiko. Jembe liache ndani."

Bwana Nyati akateremka mlima polepole, hatua kwa hatua, ule mche ameufunga kwenye pembe kwa kamba yake nyekundu.

Ngano yangu imefika mlangoni, nanyi ingieni na neno hili: apendaye ua na aujue mti wake.