Mama Watatu na Kiti Kimoja cha Ndege

Hapo zamani, si zamani za mababu bali zamani za juzi, benki zilipoanza kugawa pointi, walikuwapo mjini Tanga ndugu watatu wa kike. Zuwena, mkubwa, alikuwa mpishi wa shughuli. Hidaya, wa kati, alikuwa mwalimu. Mwanaidi, mdogo, alikuwa keshia wa supamaketi. Dada yao wa nne alifariki akaacha binti, Raya. Wakamlea wote watatu, na wote watatu aliwaita mama.

Raya aliolewa Maskati. Siku moja akapiga simu.

"Nina mimba ya miezi mitano. Nani atakuja kunikanda na kukaa nami arobaini?"

"Mimi!" wakajibu wote kwa pamoja. Lakini nauli hakuna aliyekuwa nayo.

Mwanaidi akafikiri. "Dada Hidaya, ile kadi ya mkopo uliyopewa na benki bado umeifunga kwenye leso?"

"Naiogopa kama nyoka."

"Kila ununuapo kwa kadi ile unapata pointi, na kwetu supamaketi pointi ni mara tatu. Zikifika elfu sitini, wanakupa tiketi ya ndege."

"Ninunue nini? Mimi na paka wangu tunakula kiasi gani?"

"Nunua kadi za zawadi za supamaketi yetu, zile zenye pesa ndani za kununulia vitu dukani kwetu. Pointi zinaingia papo hapo. Kisha mpe dada Zuwena kadi hizo, achukulie mchele na mafuta ya shughuli zake kwetu. Pesa ambayo angepeleka sokoni akupe wewe, ulipe benki."

Zuwena akacheka. "Yaani mchele nipike mimi, pointi ale Hidaya?"

"Pointi haziliwi, dada. Zinaruka."

Basi wakaanza. Hidaya akanunua, Zuwena akapika, Mwanaidi akahesabu. Hitima ikapita: Hidaya akanunua, Zuwena akapika, Mwanaidi akahesabu. Maulidi yakapita, vivyo hivyo. Pointi zikafika elfu hamsini.

Hapo benki ikatuma ujumbe: kuanzia Jumatatu, kadi za zawadi hazitakuwa na pointi.

Siku zilibaki nne, na Jumamosi kulikuwa na harusi ambayo Zuwena ndiye mpishi wake. Akamwendea mama wa bibi harusi.

"Safari hii mwanao asitunzwe noti. Atunzwe kadi za zawadi, akanunulie vyombo."

"Watu watasema tumechanganyikiwa!"

"Waache waseme. Ukikubali, ujira wangu wa upishi nimekusamehe."

Mama yule akakubali kabla Zuwena hajafunga mdomo.

Hidaya akaenda dukani, akanunua kadi za zawadi za kuwauzia wageni wa harusi, mpaka kadi ya benki ikafika ukomo. Zisipouzika, mshahara wake wa nusu mwaka umekwenda. Akakosea namba ya siri mara mbili.

Mwanaidi akasimama mlangoni pa harusi. "Shoga, noti inachakaa! Mtunze kadi, akukumbuke kila akipika!" Akaimba, akatania, sauti ikamkauka. Wanawake wakanunua, wakaingia wakicheza, wakambandika bibi harusi kadi kwenye ushungi mpaka akang'aa kama kabati la vyombo. Haikubaki hata moja.

Deni la benki likalipwa, na pointi zilikuwa zimetimia sitini elfu na kumi na mbili. Tiketi ikapatikana, moja tu.

"Nakwenda mimi," akasema Zuwena. "Nimepika bure harusi nzima. Bila masufuria yangu, kadi zenu zingelala kabatini."

"Ulipoteza ujira wa siku moja," akasema Hidaya. "Mimi niliweka rehani miezi sita. Jina lililo benki ni langu. Mngekuja kunitoa kwenye deni nyinyi?"

"Na kabla yangu kulikuwa na nini?" akasema Mwanaidi kwa sauti ya kukwaruza. "Mmoja ana kadi ndani ya leso, mwingine ana mchele sokoni. Nani aliwakutanisha? Na nani aliziuza?"

Wakampigia Raya, achague yeye.

"Mama zangu, msinitie mtihanini. Mwanangu anapiga mateke hapa. Nitumieni jina, mimi nitandike kitanda."

Akakata simu. Hidaya akafungua ukurasa wa tiketi. Palikuwa na nafasi moja ya jina la abiria. Zuwena akaegemea bega lake la kulia, Mwanaidi la kushoto, na kidole kikabaki hewani.

Nanyi mnaosikiliza, kidole kile kingekuwa chenu, mngeandika jina gani? Je, katika mama hao watatu, nani alistahili kwenda kumkanda Raya?