Simu ya Kiboko Ilivyoondolewa Sumu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa jabali, pakawa bwawa, uongo ukavuka bila kulowa!

Haya, sogeeni. Shuleni niliishia darasa la sita, lakini kwa ngano hata mwalimu mkuu hukaa chini akanisikiliza.

Palikuwa na Pimbi, mdogo kama kiatu cha mtoto, anakaa juu ya jabali lenye mtandao mzuri. Kazi yake kuandika blogu. Kila asubuhi, toko-toko-toko kwenye simu yake. Akaandika simu mpya zilizoingia, akaandika siasa za bwawani, akaandika sabuni ipi mwezi huu inatoa povu na ipi inatoa harufu tu. Hakuwa na pembe, hakuwa na kucha za maana. Alikuwa na kitu kimoja: wanyama wakibishana, mmoja husema, "Pimbi kaandika," na ubishi unaisha. Hicho alikipenda kuliko majani mabichi.

Chini bwawani alikaa Kiboko, Mwenyekiti wa Maji. Kula yeye, kunywa yeye, kugombea yeye, kushinda yeye. Mwaka huo akaanza na kuuza simu. Mama Kanga akapeleka mayai yake, kapu zima, akapewa simu moja. Siku ya tatu akaiweka sikioni, fyuuu! Manyoya yote ya kichwa yakaungua. Mmewahi kuona kanga mwenye nywele? Basi.

Pimbi akaandika: "Simu za Kiboko zinaungua. Msinunue." Akaweka na picha ya kipara.

Jua halijakaa sawa, jabali likatikisika. Tindi! Tindi! Tindi!

"Wewe kijipanya!"

"Pimbi, Mheshimiwa."

"Futa!"

"Lakini Mama Kanga..."

"Futa! Halafu unisifu. Usipofuta nakaa juu ya shimo lako, na watoto wako wakiwa humo humo."

Pimbi akawasikia watoto wakikohoa shimoni, vumbi limewaingia. Akafuta, kama anayejing'oa jino. Kisha akacheka kicheko cha usoni.

"Mheshimiwa, kukusifu kidogo ni kukutukana. Niache nikusifu mpaka mwisho."

Akaandika: "Nilikosea. Simu ya Mheshimiwa Kiboko haina mfano! Haiogopi moto, haiogopi maji. Mwenyewe hulala nayo kinywani huko kilindini, na ikilia husikia kwa meno." Na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: "Jumamosi mchana, mbele ya wote, Mheshimiwa ataondoa sumu."

Kiboko akasoma jina lake, akasoma sifa zake, akabonyeza kupenda. Nani husoma mpaka chini?

Sasa, pande zile mwenye pombe hunywa funda la kwanza, mwenye chakula hula tonge la kwanza, wageni wanamtazama. Ndiko kuondoa sumu. Asiyeonja chake hakiliwi, na kura hapati.

Jumamosi ukingo ukajaa. Ngiri yupo, Nyani yupo juu ya mti, Mama Kanga na kipara chake yupo.

"Ondoa sumu! Ondoa sumu!"

"Sumu gani?" Kiboko akauliza.

"Mzee, usituzungushe," Ngiri akamjibu. "Pimbi kaandika, na wewe umebonyeza kupenda."

"Au unaogopa chako mwenyewe?" Nyani akadakia.

Kiboko akatazama juu. Pimbi anapiga makofi jabalini, "Hodari wetu! Hodari wetu!" Kurudi nyuma ni kuuaga uenyekiti. Akapanua kinywa, aaaah, akaitia simu kwenye gego, akafumba, akazama. Blu-blu-blu. Kimya.

Pimbi akampigia.

Ngrii. Ngrii.

Pwaaa!

Bwawa likatapika matope. Kiboko akaibuka, moshi puani, magego mawili yametupwa ukingoni. "Fufa!" anafoka. "Fufa!" Wanyama walicheka mpaka Nyani akaanguka mtini. Na hadi leo Kiboko hupanua kinywa bila sababu, anapooza fizi.

Najua mngependa niishie hapo. Hata mimi.

Pimbi alishinda akiandika kweli yote, tangu kapu la mayai mpaka magego. Akangoja wasomaji. Wakaja watatu. Mmoja mkewe. Wa pili hakusema kitu. Wa tatu akauliza: "Simu inayomng'oa Kiboko magego? Ina nguvu hiyo! Inapatikana wapi?"

Wiki iliyofuata Kiboko, shavu limefungwa kitambaa, akaleta toleo la pili. Akaliita Ng'oa Gego. Foleni ikaanzia majini ikapanda mpaka chini ya jabali. Pimbi akashuka mbio. Mwishoni mwa foleni akamkuta Mama Kanga, kapu juu ya kile kipara, mayai bado ya moto.

"Mama Kanga! Hata wewe?"

"Ile ilikuwa mbovu, Baba Pimbi. Hii mpya."

"Si niliandika zinaungua?"

"Uliandika?" Mama Kanga akashangaa kweli kweli. "Hiyo sikuiona. Mimi nimetumiwa ile uliyoisifu, na Ngiri katumiwa, na kila mtu. Haiogopi moto, umesema. Nikasema, Pimbi hadanganyi."

"Nilikuwa namtega Kiboko!"

"Basi ungeandika kwamba unamtega."

Foleni ikasogea. Mama Kanga akashika kapu vizuri, akasogea nayo.

Pimbi akapanda jabalini akazifuta zile sifa. Zilikwishavuka mabwawa saba. Mpaka kesho mtamsikia huko juu, anapayuka, "Zinaungua! Zinaungua!" na wapita njia husema, huyo Pimbi, kelele tu.

Ngano imetua mzigo. Ikiwa tamu, ni ufundi wangu. Ikiwa chungu, kamlaumuni Kiboko.

Na funzo lake, kama walivyonipa waliosoma kunizidi, ni kwamba mwongo hafiki mbali na ukweli hujiuza wenyewe. Nimewaletea kama nilivyopewa. Ila sijaliondoa sumu.