Kwa Nini Homa Sugu Hukokota Miguu

Zamani, magonjwa yalipokuwa bado yanaonekana kwa macho, homa zote zilitembea uchi na zilikuwa na mbio. Huko milima ya Upare homa ikiingia nyumbani asubuhi, jioni imeshazaa na wana wamehamia kwa jirani. Lakini palikuwa na Nakiete, mganga asiyejua kuinamisha shingo. Dawa yake ya mizizi ikiigusa homa tu, inababuka na kufa.

Watu wakaipenda dawa hiyo mpaka wakaiharibu. Ikawa ndiyo heshima ya mgeni: ukipiga hodi, unapewa funda moja, uwe mzima au mgonjwa. Nakiete akawakemea, wakamcheka.

Basi homa moja ikajishonea koti la magome. Dawa ikateleza juu yake. Koti lenyewe lilikuwa zito, likaikokotesha kama kobe mwenye mimba; lakini ikimbilie nini? Wenzake walio uchi walikwisha kufa kwa mafunda ya wageni. Nyumba zote zikawa zake. Ikampandia kifuani Mbonea, mjukuu wa Nakiete. Bibi akamnywesha kibuyu kizima.

"Ongeza, bibi," homa ikacheka. "Inakata kiu."

Nakiete hakulia; machozi hayajawahi kutibu mtu. Aliitazama tu inavyohema kwa kupanda kitanda.

"Koti zuri," akasema. "Sijui wewe umelivaa au limekuvaa."

Akapita nyumba kwa nyumba akifunika vyungu vya dawa. "Mgeni apewe maji!"

"Utatumaliza, Mama Nakiete!" jirani akapiga kelele.

"Mlishaanza wenyewe. Mimi nawasaidia kuacha."

Dawa ilipokauka vinywani, homa za uchi zikashuka mbio kutoka ng'ambo ya milima, ambako dawa haikufika. Ya koti kila ilipofika ilikuta wenzake wameshakula. Wanawe wakaona aibu, wakavua makoti ili nao wakimbie. Hata ile ya kifuani mwa Mbonea, njaa ilipozidi, ikalivua lake.

Hapo Nakiete akafunua chungu. Akawanywesha wagonjwa peke yao, mpaka tone la mwisho. Mbonea akaamka akidai makande.

Na tangu siku hiyo, homa inayoishinda dawa hulipa kwa miguu yake. Makoti hayakuchomwa, yamefichwa vichakani, yanamngoja anayeonjaonja dawa. Lakini sisi wa uzao wa Nakiete, tukiambiwa imekuja homa isiyosikia dawa, hatupigi mayowe. Tunaiuliza: mbio unazo?