Ufunguo Shingoni mwa Mwalimu Mkuu

Hapo zamani, ila si zamani sana maana umeme ulikwisha kufika, palikuwa na Mwalimu Mkuu aitwaye Bwana Mkufya, aliyeitawala shule yake kama sultani. Akaletewa vishikwambi ishirini vya kufundishia. Akavifungia kabatini vikiwa bado ndani ya nailoni zake, ufunguo akauvaa shingoni, ikawa kila asubuhi anawahutubia walimu saa nzima juu ya faida za teknolojia.

Basi siku moja akamwita Mwalimu Semboja, ambaye viatu vyake vilicheka kuliko mwenyewe.

"Ewe Semboja, Ijumaa anakuja Mkaguzi. Mbona hufundishi kwa teknolojia?"

"Bwana mkubwa, imo kabatini."

"Visingizio. Kiongozi wako ni mimi, niige. Fanya nifanyavyo, usipunguze wala usizidishe. La sivyo, Jumatatu usionekane hapa."

"Nimesikia, nami nitatii."

Ijumaa Mkaguzi akafika, mama wa miwani na maneno machache, akaongozana na Bwana Mkufya hadi darasani. Wakamkuta Semboja kafungia chaki na vitabu vyote sandukuni, ufunguo unaning'inia shingoni kwa kamba ya katani.

"Chaki huandika," alikuwa akihutubia, "chaki hufutika, na taifa lisilo na chaki limeachwa nyuma."

"Basi tuandikie, mwalimu," akasema msichana wa mbele.

"Mwanangu, itachakaa."

Mkaguzi akavua miwani. "Nani kakufunza kufundisha hivi?"

"Bwana mkubwa huyu, mama. Sote tunamwiga. Hata Bi Nyange wa jikoni sasa hivi anahutubia juu ya pilau ya wageni."

"Na pilau yenyewe?" akauliza Bwana Mkufya.

"Imo kabatini, bwana."

Mkaguzi akaangua kicheko, darasa likafuata. Bwana Mkufya akatoka, akarudi na kishikwambi, akakichuna nailoni mwenyewe, akakigeuza juu chini, chini juu. Kisha akainama sikioni mwa Semboja.

"Kinawashwa wapi?"

"Pembeni hapo. Bonyeza, bwana, hakiumi."

Kikawaka. Bwana Mkufya akacheka hadi machozi, maana miezi minane alikuwa akikiogopa. Tangu hapo ufunguo ukatundikwa msumarini, kila mwalimu akachukua kishikwambi, na Mwalimu Mkuu mwenyewe akawa mwanafunzi wa kwanza wa Semboja. Pilau ikafunguliwa, ikaliwa. Na Jumatatu Semboja alionekana, tena kwa viatu vipya, zawadi ya bwana mkubwa, ambavyo hakuvifungia popote.